Msimamizi wa Ukumbi Mtupu

Mimi si mtu wa kusamehe, niseme mapema. Wanaosamehe wapo, Mungu awabariki, lakini mtu akimgusa dada yangu namwekea kinyongo mpaka kieleweke.

Aliyemgusa ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali na hoteli. Wafanyakazi walimbatiza Bwana Dakika, kwa sababu ukichelewa dakika tatu getini anakukata nusu saa, tena huku anacheka. Dada yangu alifanya kazi pale miaka sita, kwenye mashine ya kupigia pasi. Jioni moja, saa moja na nusu, mashuka yakiwa bado mlima, mashine ikamnasa mkono wa kulia. Vidole viwili vimekunjika mpaka leo. Daktari anasema upasuaji utavinyoosha, na kampuni humlipia matibabu yeyote aliyeumia akiwa kazini.

Akiwa kazini. Sasa sikia. Kadi za mahudhurio alikuwa anazijaza Bwana Dakika mwenyewe, na siku ile kwenye kadi ya dada yangu aliandika ametoka saa kumi na moja. Kumbe kila mtu alikuwa anaandikiwa hivyo hivyo, miezi nenda rudi, maana saa za ziada za wafanyakazi zikiwa chache msimamizi hupewa bahasha ya pongezi. Dada akaulizwa: kama ulitoka saa kumi na moja, saa moja na nusu ulikuwa unafanya nini kwenye mashine? Kabla hajafungua mdomo, Bwana Dakika akamjibia: anapiga pasi nguo za wateja wake wa mtaani, kwa umeme wa kampuni. Wenzake wakatazama chini, kila mmoja ana watoto wa kulisha. Dada akafukuzwa kama mwizi. Alirudi nyumbani na bandeji mkononi, hakulia, akaniomba tu nimvue viatu.

Nikasema moyoni: wewe baba, utanitambua.

Miezi mitatu baadaye ikatangazwa nafasi ya karani wa mahudhurio pale pale kiwandani. Mimi na dada ni mama mmoja, baba mbalimbali, majina yetu hayafanani hata kidogo. Nikaomba, nikapata. Bwana Dakika alinipenda siku ya kwanza.

"Binti, wewe una adabu," alikuwa ananiambia. "Si kama wale wa pasi, midomo kama cherehani."

Nikacheka. Nikamkorogea chai. Nikaitikia "ndiyo, bosi" mpaka ulimi ukachoka, na ndani nachemka.

Kwa muda mrefu sikupata kitu. Kadi zote zilikuwa safi: saa kumi na moja, saa kumi na moja, na sahihi yake chini. Zilibaki kiwandani, lakini fomu ambazo wasimamizi walijiandikia saa zao wenyewe zilikwenda moja kwa moja makao makuu, na hakuna mtu aliyewahi kuziweka kwenye meza moja. Halafu mwenye kampuni, mama mmoja mkavu asiyependa maneno mengi, akanunua programu mpya ya mishahara. Akaagiza saa za watu wote, mkubwa kwa mdogo, ziingizwe kwenye ripoti moja. Fomu zikaletwa kwangu, nami nikaanza na ya Bwana Dakika.

Lahaula! Nilijiziba mdomo nisipige kelele. Mtu yule alikuwa anajiandikia saa za ziada kila siku, kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu usiku, "kusimamia ukumbi wa pasi". Miezi kumi na minne mfululizo! Watu wake wote amewaandika wameshatoka, yeye kabaki peke yake anasimamia mashine tupu. Tamaa mbaya jamani.

Niliingiza kila saa kama ilivyo, sikuongeza wala kupunguza. Nikaipanga ripoti kwa tarehe, juu yeye, chini watu wake kumi na wanane, nikaichapa na kuipeleka.

Kesho yake asubuhi mwenye kampuni alituita ofisini kwake, mimi na Bwana Dakika. Mimi nilikaa pembeni na kalamu, niandike maelezo.

"Hapa unasema ulikuwa unasimamia," alimwambia akimsogezea kurasa. "Ulikuwa unamsimamia nani? Watu wote wametoka."

Bwana Dakika akasoma, akafunua, akasoma tena. Jasho likamtoka. Nilimwona akipima: akisema ukumbi ulikuwa mtupu, basi kaiba mshahara miezi kumi na minne, na mama yule atamkabidhi polisi kabla ya mchana. Akisema watu walikuwapo, ni kadi tu zimekosewa. Akachagua kadi.

"Walikuwapo, mama, wote! Kadi nilizijaza haraka haraka, ni makosa ya kibinadamu."

"Nitajuaje? Mimi naona ulikuwa kwako umelala."

"Haki ya Mungu nilikuwapo! Hata yule mwanamke alivyonaswa na mashine, mimi ndiye niliyezima umeme. Mimi ndiye niliyemmwagia maji, kwa mikono yangu hii!"

Mama yule akavua miwani.

"Saa ngapi?"

"Saa moja na nusu," alijibu, kisha akafumba mdomo. Alikuwa amechelewa.

"Na alikuwa anapiga pasi nini?"

Akazirudisha zile kurasa mezani.

"Mashuka," akasema. "Ya hospitali."

Niliandika yote, neno kwa neno. Raha niliyoisikia siwezi kuificha wala sitaki. Nilipomaliza nikamgeuzia karatasi.

"Soma, bosi, kisha weka sahihi."

Akaisoma taratibu, halafu akaniinamia.

"Binti, umeandika kila kitu," alininong'oneza. "Hata huruma huna? Nina watoto."

"Yule mwanamke ni dada yangu," nikamwambia, wala sikunong'ona. "Tumbo moja. Weka sahihi."

Akaweka.