Masikio ya Tansy

Siku daktari wa Carlisle alipomwambia mume wangu kwamba mikono yake haitaacha tena kutetemeka, Lanty hakuuliza habari za dawa wala za miaka iliyobaki. Aliuliza kama mtetemo ule unapita kwenye kamba hadi kwa mbwa. Daktari hakumwelewa. Mimi nilimwelewa, nikageuka kutazama dirishani, kwa sababu jibu nililijua na nilijua pia mzigo huo utamwangukia nani.

Nyumbani tulikuwa na mbwa jike wa miezi saba, wa ile aina ndogo iitwayo teria wa Lakeland, mwenye rangi ya ngano, jina lake Tansy. Alipokuwa na wiki nane Lanty alimsimamisha juu ya meza ya jikoni pamoja na ndugu zake wanne, akakaa mbele yao na kikombe chake cha chai mpaka chai ikapoa, kisha akamnyooshea kidole yeye. Masikio, alisema. Madogo, yamekunjika vizuri, yamekaa pale pale yanapotakiwa kukaa. Wale wanne tukawapa watu. Kwa miaka thelathini na moja Lanty alikuwa akiingiza teria kwenye maonyesho ya kushindanisha mbwa, na kwa miaka yote hiyo mimi nilikuwa nikibeba chupa ya chai, mikate na viti vya kukunja. Nilikuwa mpishi wa shule. Sijawahi kukaa kitako mchana kutwa katika maisha yangu, na juu ya mbwa nilijua tu kuwapa chakula na kuwafuta matope.

Basi tukaanza mazoezi uani. Lanty anakaa kwenye kiti mlangoni, amefumbata mikono katikati ya magoti, mimi naenda na Tansy mpaka ukutani na kurudi. Kamba isikaze. Isilegee pia. Usimtazame mbwa, tazama unakokwenda. Mbona unakimbia, nani anakufukuza? Nilimwambia mimi ndivyo ninavyotembea tangu nizaliwe. Akasema hilo analijua, amekuwa akinifuata nyuma madukani kwa miaka thelathini. Kazi ya manyoya alibaki nayo mwenyewe. Manyoya ya teria wa maonyesho hayakatwi kwa mkasi, hunyonyolewa kwa vidole, kidogo kidogo, wiki hadi wiki, na ajabu ni kwamba vidole vyake vilipokuwa na kitu cha kushika vilitulia kiasi. Mimi sikutulia. Nilikuwa nikiamka alfajiri nikiwaza namna ya kugeuka kona.

Onyesho la kwanza lilikuwa Penrith, ndani ya ukumbi wa michezo. Katika daraja la mbwa wadogo walikuwa watatu. Lanty alisimama kando ya kamba ya uwanja, amevaa koti lake zuri, na kila nilichofanya alikifanya na yeye kwa mabega. Mwamuzi aliponiambia nimtembeze Tansy kwa pembe tatu, tulianza vizuri, halafu mbwa akamwona Lanty. Alikwenda upande kama kaa, shingo imegeuka, mkia umeshuka, akinivuta kuelekea lile koti. Tulikuwa wa tatu katika watatu. Lanty alisema mara ya kwanza huwa hivyo.

Mara ya pili ilikuwa uwanja wa wazi karibu na Kirkby Stephen, mvua ikinyesha ya kuja na kuondoka. Juu ya meza Tansy alisimama imara mwamuzi akimpapasa meno, kifua na mapaja. Lakini tulipoanza kutembea yakawa yale yale. Mwamuzi alikuwa mama mmoja mrefu mwenye kofia ya mvua. Aliponipa utepe wa nafasi ya nne aliinama akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mbwa wako ni mzuri. Mwendo wake tu siuoni. Ninachokiona ni mbwa anayemtafuta mtu."

Nilijua anayetafutwa. Nilikuwa nikimwona pale kwenye kamba, maji yakimtiririka kofiani, ananisubiri nimwambie. Kutoka pale mpaka alipo Lanty ni hatua kama thelathini, na ndani ya hatua hizo nikatunga uongo. Nilimwambia Lanty kwamba mwamuzi hakupenda masikio.

Kwa nini masikio? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani nilichukua kitu ambacho nilikuwa na hakika hakina kosa, nikidhani hakitaumia. Lanty aliinama. Alimchukua Tansy, akamfuta, akayashika yale masikio moja moja kati ya vidole vyake vinavyotetemeka, na njia nzima ya kurudi alikuwa ananiuliza. Alisema makubwa, au alisema yamekaa juu? Alisema yote mawili au moja? Nikajibu sikumbuki, mvua ilikuwa kubwa.

Wiki iliyofuata nyumba ilinishinda kukaa. Lanty alitoa picha za mbwa wake wote wa zamani akazitandaza kitandani. Alimpima Tansy kwa rula. Alimweka juu ya meza asubuhi, akamweka tena baada ya chakula cha mchana, akamtazama akiwa mbele ya dirisha na akiwa gizani upande wa jiko. Nikifagia namkuta njiani, nikipika namsikia akihesabu kwa sauti. Mimi mwenyewe nilisafisha kabati ambalo nilikuwa nimelisafisha juzi yake. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie, mara tatu nikauliza kama anataka chai.

Ijumaa alimpigia simu Thora Askew. Thora anaishi upande wa Caldbeck, mjane, mshindani wa Lanty kwa miaka ishirini na rafiki yake wa kweli. Nilikuwa ngazini na nguo za kuanika. Nilimsikia akimwambia aje amchukue Tansy, amlee tu kama mbwa wa nyumbani au ampe mtu, atakavyoona. Kisha akamsikiliza, halafu akasema, "Hapana, Thora, si mikono. Mikono nimeshaizoea. Ni jicho. Nilimchagua kwa masikio, na masikio ndiyo mabovu. Kama jicho nalo limekwenda, mimi nina mbwa wa nini?"

Niliziweka nguo pale pale kwenye ngazi. Nilipoingia jikoni alikuwa ameshakata simu, amekaa, na Tansy amelala juu ya kiatu chake.

"Masikio yake hayana kosa," nikamwambia. "Yule mama hakuyataja kabisa. Nilidanganya."

Alinitazama.

"Alisema mbwa anamtafuta mtu. Ni wewe, Lanty. Akikuona pale kando hataki kwenda na mimi. Unamvuruga. Nilishindwa kukwambia."

Nilitegemea atakasirika, na kwa kweli ningependa akasirike, ningejua la kufanya. Yeye aliinama akamsogeza mbwa taratibu, akainuka, akatoka nje. Nilimwona kupitia dirishani akienda hadi ukutani na kurudi, akienda na kurudi, njia ile ile niliyokuwa nikipita na Tansy. Aliporudi alisema nilikuwa nimemnyima usingizi siku sita, na kwamba mpishi anayejua kutia chumvi mahali panapostahili angejua pia kudanganya vizuri zaidi. Baadaye akiwa amenipa mgongo, akichukua vikombe kabatini, akasema, "Usinifiche kitu tena, Enid. Vilivyobaki ni vichache. Nataka kuvijua vyote."

Nikasema sitamficha. Thora akapigiwa simu tena akaambiwa abaki kwake.

Onyesho la tatu lilikuwa mwezi wa saba, uwanja wa mashambani karibu na Cockermouth, siku ya joto. Lanty alishuka kwanza peke yake, akatazama bendera zinapepea upande gani, kisha akaniambia niliegeshe gari mwisho kabisa, kule upepo unakoelekea, ili harufu yake isifike uwanjani. Alimnyoosha Tansy manyoya ya mdomo kwa kitana, akanikabidhi kamba, akaingia ndani ya gari, akapandisha vioo. Nilimwambia atapikika humo. Akasema niende.

Thora alikuwa kwenye daraja lile lile na jike wake mwekundu. Aliniona ninavyopiga miguu chini nikisubiri, akacheka. "Shoga, simama. Hata farasi wa mikokoteni wanapumzika." Nikamwambia aangalie wa kwake. Tulikuwa watano. Mwamuzi alikuwa mzee mfupi, mtaratibu mno, mwenye kuvua miwani kila anapomgusa mbwa. Tansy alitafuta. Niliona kichwa chake kikizunguka pembeni mwa uwanja wote, uso hadi uso, na nikahisi kamba ikianza kukaza. Halafu akamaliza. Yule aliyekuwa akimtafuta hakuwepo. Akainua kichwa akanitazama mimi, na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kulia, nikatazama ninakokwenda.

Tulikwenda. Pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwamuzi alituambia turudie, tukarudia. Kisha akawaleta Tansy na yule mwekundu wa Thora katikati, wakatazamana ana kwa ana, kama wanavyotazamanishwa teria kuona moyo wao. Tansy hakubweka wala hakurudi nyuma. Alijivuta juu, mkia umesimama, masikio yamekuja mbele, akatulia hivyo kwa muda ambao mimi sijawahi kutulia maishani mwangu. Mzee alivua miwani, akaivaa, akaninyooshea mkono mimi: tulikuwa wa kwanza.

Baadaye, waliposhindanishwa majike wote wa aina yetu, jike mwingine mkubwa wa Thora alitushinda, na alistahili. Sikungoja kupongezwa. Nilipita kwenye mahema karibu ninakimbia, Tansy mbele yangu, nikiwaza joto lile, vioo vile, moyo wa Lanty. Nilimkuta amekaa wima kwenye kiti cha mbele, uso mwekundu, shati limelowa, vioo vimefungwa kama alivyovifunga. Hakuwa ameona chochote. Tansy alimrukia akamlamba jasho shingoni. Nilimpa utepe mwekundu, naye akaushika kwa mikono miwili ukatetemeka kama uko kwenye upepo.

"Anza mwanzo," akasema. "Mwamuzi alimshika wapi kwanza?"

Nikamweleza. Nilimweleza kuhusu miwani, kuhusu kona ya pili ambapo nilikwenda haraka kidogo, kuhusu yule mwekundu wa Thora na namna Tansy alivyomkazia macho. Nilimwambia pia kwamba Tansy alimtafuta kwanza, uwanja mzima, kabla hajaniangalia mimi. Hilo alitaka nilirudie, nikalirudia. Nilikuwa sijawahi kuzungumza habari za mbwa muda mrefu hivyo, wala yeye hajawahi kunisikiliza bila kunikatiza. Tulikuwa tumeshapita ziwa la Bassenthwaite aliponiuliza nilisikia nini kwenye kamba.

"Sikusikia kitu," nikasema. "Kama vile sikushika kamba yoyote."

Aliitikia kwa kichwa, akafungua kioo cha upande wake mpaka chini, na upepo ukaingia.

Tansy ana miaka minne sasa, na mwaka jana alipewa cheti chake cha tatu kule Leeds, kile kinachomfanya mbwa aitwe bingwa. Mimi ndiye niliyemshika. Lanty alikuwa nje katika maegesho, na watu wawili waliomfuata huko na kikapu cha watoto wa mbwa walikuwa wanamwomba awachagulie mmoja. Mimi bado silali vizuri kabla ya onyesho, na bado natembea haraka.