Mikebe ya Garimoshi

Jumapili moja ya Agosti, nikifua nguo chumbani kwetu mtaa wa Rashidiya, katika nchi ya Kiarabu tunakofanya kazi, nilikumbuka kwamba Ijumaa niliondoka kazini bila kuwasha kiyoyozi cha chumba cha filamu.

Nilikizima mwenyewe. Kazi yangu ghalani ni kukagua filamu za kale za garimoshi, zile bubu zilizopigwa zaidi ya miaka mia iliyopita: injini ikipakiwa makaa, mvuke ukitanda, abiria wakiikodolea kamera macho. Hakuna hadithi wala waigizaji, nami nazipenda hivyo hivyo. Lakini utepe wake, unaowekwa ndani ya mikebe ya bati, hushika moto wenyewe joto likizidi, na maji hayauzimi. Ndiyo maana chumba ni baridi ajabu. Sisi Wakenya wa ghala, tunaovaa sweta katikati ya Agosti, huzima kiyoyozi kidogo kifua kikibana kwa baridi, kisha tukawasha kabla ya kutoka.

Nikampigia Justus, mlinzi wa zamu. Yeye hakujua hatari iliyomo. Bosi wetu, Adib, hakuwa na kibali cha kuweka filamu hizo pale, akatukataza kusema.

"Usijali, Phyllis," Justus alisema. "Nimeona AC imezimwa. Niko ndani naiwasha, kabla arbab wetu Adib hajajua ni wewe."

"Uko ndani?"

"Eeh. Kuna joto mbaya, na harufu kama ya soksi chafu. Mikebe mingine imefura. Wacha nifungue mmoja nione."

Nikamkatiza. "Usiguse. Hizo huwaka zenyewe. Vunja kioo cha kengele ya moto, hapo mlangoni."

"Nikivunja, zimamoto watauliza nani alizima. Kazi yako khalas, imekwisha, na viza pia. Nivunje?"

Nilijiona nikishuka Nairobi na sanduku moja, mama akiniangalia. Justus alikuwa akikohoa kule, akingoja neno langu, nami sikulitoa.

"Vunja," nikasema mwishowe. "Kimbia."

Alikuwa hajafika getini chumba kilipolipuka. Filamu zote ziliteketea.

Mimi nimefutwa, na wenzangu wote wananisifu kwamba nilikubali kupoteza kazi ili Justus apone. Jana alinisindikiza uwanja wa ndege, akanibebea sanduku.

"Siku ile simu ilikatika kidogo, kabla hujaniambia nivunje," akasema. "Mtandao wa huku nao."

Nikamjibu ndiyo, ulikuwa mtandao.