Mkunjo wa Nne

Uzi wa tatu nao ulikatika vibaya. Nilitaka ukatike kwenye fundo, ukakatika ndani ya tundu, na sasa nilikuwa nauchomoa kwa kibano, unyuzi mmoja mmoja, huku kitabu kimelala kifudifudi kwenye meza ya jikoni kama mgonjwa anayesubiri sindano.

Nyumbani kwetu meza ni hiyo moja. Upande wa pili alikaa mke wangu, na mbele yake fomu ya kazi yenye karatasi tatu. Yeye ni muuguzi. Alikuwa amepata nafasi ya kusimamia wodi katika hospitali ya mji mwingine, mbali, kwa miaka miwili. Alishajaza jina, namba ya uuguzi na miaka ya kazi. Mwisho kabisa palikuwa na visanduku viwili, "Nakubali" na "Sikubali", na vyote vilikuwa vitupu tangu Jumapili. Leo ilikuwa Alhamisi. Fomu ilitakiwa ifike kesho saa sita mchana.

"Unakiharibu zaidi," alisema bila kuinua uso.

"Hapana. Ni uzi tu."

"Haya."

"Haya" ya mke wangu ina milango mingi. Hiyo ilikuwa ya mlango unaofungwa.

Mimi ni mtengenezaji wa vitabu vilivyochakaa katika maktaba ya mji wetu. Hakuna aliyenifundisha. Nilichukua kamusi kuukuu iliyokuwa inatupwa, nikaifumua, nikaishona, nikaifumua tena, mpaka nikaelewa kwamba kitabu hakijengwi kwa kurasa. Kinajengwa kwa mikunjo. Karatasi hukunjwa pamoja, kurasa kumi na sita kwa kila mkunjo, na kila mkunjo hushonwa mgongoni pamoja na mwenzake. Wasomaji huniita Fundi Gundi, ingawa gundi ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kazi.

Kitabu kilichonikalisha pale kina jina lake refu la kimapenzi, lakini watu wote hukiita kitabu cha ukuta. Mpima ardhi anamwendea mwanamke mmoja mshona mapazia na kumwambia ukuta wake umevuka mpaka kwa hatua mbili, lazima ubomolewe. Wanachukiana hapo hapo. Kila asubuhi mwanamke anang'oa vigingi vya yule bwana na kuvificha, kila jioni yule bwana anakuja kuvipigilia upya na matusi juu yake. Mwisho, baada ya yote, wanapendana.

Maktaba ina rafu nzima ya hadithi za aina hiyo, za maadui wanaogeuka wapenzi. Vitabu vya sheria huzeeka kwa vumbi, hivi huzeeka kwa vidole. Nimeshona mgongo wa hiki mara tatu, na kusema kweli sikuwahi kuelewa utamu wake. Mimi nikiona watu wawili wanagombana dukani, navuka barabara. Nilijiuliza mara nyingi: mtu anayetukanwa kutwa nzima anapata wapi nafasi ya kupenda?

Mwezi uliopita kililetwa kwangu kikiwa vipande. Panya walikuwa wamekula pembe zote za chini, ndiko ziliko namba za kurasa, na mikunjo yote kumi ilikuwa imetawanyika ndani ya bahasha. Nikaipanga kwa utaratibu wangu: nasoma mstari wa mwisho wa mkunjo mmoja, natafuta mstari unaoupokea. Mikunjo minane ilijipanga yenyewe. Ikabaki miwili, na nafasi mbili, ya nne na ya tisa. Kila mmoja ulianza na sura mpya na kuishia na mwisho wa sura, kwa hiyo kila mmoja ulikaa vizuri popote. Katika mmoja, yule mwanamke na mpima ardhi wanarushiana maneno mbele ya ofisi ya ardhi mpaka karani anafunga dirisha. Katika mwingine wamekaa juu ya kifusi cha ukuta, na yule bwana anamshika mkono.

Nilifikiri kwa makini, kama kawaida yangu. Kufikia mkunjo wa nne watu wale walikuwa wamegombana kurasa arobaini na nane. Nikaona inatosha. Nikawashikisha mikono pale pale, na ule ugomvi wa ofisini nikausogeza nafasi ya tisa, nikidhani ni vile vigomvi vidogo vya wapenzi.

Leo asubuhi mkutubi, mama anayeiendesha maktaba yetu, alikuja chumbani kwangu amekishika kitabu kwa vidole viwili, kama soksi ya mtu mwingine.

"Fundi, umefanya nini? Kuna msomaji wetu mmoja, dereva wa lori, amekuja juu. Anasema hawa wanashikana mikono mchana, jioni wanatukanana kana kwamba hawajawahi kuonana, keshokutwa ni harusi. Ameniuliza kama mwandishi alikuwa na homa."

"Kurasa zote zipo," nilimwambia. "Nimezihesabu. Hakuna hata moja iliyopotea."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia nyumba yake ina matofali yote, ila yamerundikwa uani.

"Watu kumi na mmoja wanakisubiri," alisema. "Kesho asubuhi nikikute rafuni, kimekaa sawa."

Ndiyo maana nilikuja nacho nyumbani. Na njiani nilikumbuka jambo lililonikaa kifuani kama mfupa. Mtu wa kwanza kukiazima baada ya mimi kukishona alikuwa mke wangu. Alikisoma siku mbili, akakirudisha, hakusema neno.

Nikaweka kibano chini. "Ulipokisoma uliona kwamba nimekosea?"

"Niliona."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesemaje?"

"Ningesema..." Nikatafakari. "Ningesema kurasa zote zipo."

Alicheka, kicheko kikavu. "Ndiye wewe huyo. Kurasa zote zipo! Mshahara upo, maji yamechotwa, salamu ya asubuhi ipo, pole na kazi ipo. Na yaishe ipo. Tena hiyo yaishe yako ndiyo hutangulia."

"Nikisema yaishe nakosa nini? Si neno la amani?"

"Unalisema kabla hayajaanza, bwana! Nilipovunja kioo cha kabati hata mdomo sijafungua, 'yaishe, mke wangu.' Mama yako aliponiambia chai yangu ni ya hospitali, nikaja kwako nimefura, 'basi, yaishe.' Yaishe yapi? Umeyajua ni yapi? Unayafunga kwa gundi yangali mabichi."

Nilitaka kumjibu kwamba mimi situmii gundi nyingi. Nashukuru sikusema.

Niliushika mkunjo wenye mapatano, ule niliokuwa nimeufumua kwanza. "Basi nieleze," nilisema. "Miaka yote navishona vitabu hivi. Mnapendea nini? Watu wanatukanana tu."

Mke wangu aliifunika kalamu yake. Ana tabia ya kushika ncha ya sikio akitaka kusema jambo zito, na sasa alilishika.

"Yule mpima ardhi anajua mwanamke yule anaamka saa ngapi. Anajua akiwa na hasira anaacha mlango wazi. Anajua vigingi vimefichwa chini ya majora ya vitambaa, tena jora la kijani. Nani alimwambia? Hakuna. Ameangalia. Adui hana nafasi ya kupita bila kukuona. Kila ukisema neno, analo la kujibu, maana yake amelisikia. Sasa mtu aliyekuangalia hivyo kurasa mia na ushee, siku akikushika mkono unajua ameshika mkono wa nani." Akanyoosha kidole kwenye mkunjo. "Wewe umewashikisha mikono ukurasa wa hamsini. Hawajuani bado! Wameshikana mikono kama wageni msibani."

Neno lilikuwa limeshafika ncha ya ulimi. Yaishe. Nililisikia kabisa uzito wake. Nikalimeza, likashuka kwa shida.

"Jumapili," nilisema polepole, "uliponieleza habari za kazi hii, nikakuambia ukiona vyema, nenda. Nilidhani nakuheshimu."

"Nilikuambia nakwenda miaka miwili. Ukaniuliza kama nitahitaji sanduku kubwa."

"Ni kweli."

"Na jioni ukalishona mshikio."

Ni kweli pia. Nililishona kwa uzi wa mara mbili uliopakwa nta, ule ninaotumia kwa vitabu vizito. Lilikuwa limesimama pale karibu na mlango, mshikio wake imara kuliko siku liliponunuliwa. Nililitazama, na kwa mara ya kwanza nikaichukia kazi ya mikono yangu.

"Sitaki uende," nilisema.

"Unasema?"

"Sitaki uende. Na nimekasirika."

"Wewe?"

"Mimi. Tarehe uliyoomba kazi iko juu ya fomu, kulia. Wiki tano zilizopita. Wiki tano umekaa kwenye meza hii, tunakula, tunazungumza habari za bomba linalovuja, na mimi nimekuja kuambiwa majibu yaliporudi. Niliiona hiyo tarehe Jumapili."

"Uliiona Jumapili ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

"Siku nne!"

"Siku nne. Sijalala vizuri hata moja."

Alisimama, kiti kikagonga ukuta. "Ee, kumbe! Kumbe ndani ya hili kabati kuna mtu! Siku nne nakutazama unakunywa chai yako, nasema huyu bwana hata nikihamia mwezini ataniuliza kama nina koti. Kumbe ulikuwa unaungua!"

"Kwa nini ulinificha?"

"Ili uulize!"

"Nitaulizaje nisichokijua?"

"Ungekijua kama ungeangalia! Nilikuwa naandika barua hapa hapa, mbele ya macho yako. Ukanihamishia taa nipate mwanga!"

"Nilidhani unamwandikia dada yako!"

"Dada yangu tangu lini naandikiana naye barua? Tunapigiana simu kila siku, wewe mwenyewe unalalamika kwa kushusha pumzi!"

"Sishushi pumzi!"

"Unashusha! Hivi!" Akashusha pumzi kama mimi, mabega na yote, na aliipatia sana. Sikujua kama kuna mtu duniani anazijua pumzi zangu namna hiyo.

Dirisha la jirani lilifunguka. Zamani ningeona aibu na kupunguza sauti. Nilisimama na mimi, kisu cha karatasi mkononi, nikakiweka chini haraka nilipoona jinsi ninavyoonekana.

"Usithubutu kusema yaishe," alisema.

"Sijasema."

"Ulikuwa unataka."

"Nilikuwa nataka. Bado nataka."

"Basi kaa na hamu yako."

Tulikaa wote wawili. Alikuwa anahema. Nilitazama kama ameshika kalamu. Hakuishika. Sikujua ni dalili nzuri au mbaya, na hilo nalo likanikera, kwa sababu kazi yangu yote ni kusoma mstari wa mwisho na kujua unaofuata.

Nikachukua sindano, maana mikono yangu ilihitaji kitu. Nilishona mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mkunjo wa nne, ugomvi wa ofisi ya ardhi, niliuweka juu yake mahali pake pa haki. Nikajaribu kupitisha uzi kwenye tundu, ukapita pembeni. Nikajaribu tena. Mwanga wa dirishani ulikuwa umeshapungua na taa yetu ya jikoni ni ya manjano, haifai kwa uzi mweupe.

"Acha, utajichoma," alisema. "Unakodoa macho kama unatafuta kiroboto."

"Mkutubi anakitaka asubuhi."

"Na wa hospitali wanataka fomu yao mchana. Watangoja zamu yao, mimi sijamaliza. Bado lile la mama yako na chai. Bado la kioo. Na la sanduku ndiyo kwanza tumeligusa."

"Mimi pia nina yangu," nilisema.

Alinitazama muda mrefu, tena vizuri, jinsi mtu anavyoutazama mlango ambao siku zote alidhani ni ukuta. "Mangapi?"

Nikahesabu kimoyomoyo, kwa haki. "Sita. Pengine saba."

"Saba!" Akashika sikio. "Haya."

Haya hiyo sikuwahi kuisikia. Sikuthubutu kusema ni ya mlango gani.

Nilichomeka sindano kwenye donge la nta. Kitabu nilikiacha wazi mezani, mikunjo mitatu imeshonwa, wa nne umekaa juu yake bila uzi, na mingine imepangwa pembeni chini ya pasi ili isijikunje. Fomu yake aliiacha pale pale, visanduku viwili vitupu.

"Kesho tuanze saa ngapi?" niliuliza.

"Saa kumi na mbili asubuhi," alisema, akilisogeza sanduku kwa mguu ili apite. "Na uje na hayo yako saba. Usiniletee kurasa tupu."