Nyumba ya Masharti

Mlango wa mbele ulifunguliwa kwa nyonga. Ufunguo ulikuwepo na kitasa kilikuwepo, lakini usipouinua mlango kidogo kwa mkono wa kushoto na kuupiga kikumbo kwa nyonga ya kulia, utasimama nje mpaka ukome. Hilo ndilo lilikuwa sharti la kwanza la nyumba ile, na lilikuwa jepesi kuliko yote.

La pili lilikuwa la friji. Mpini wake ulikuwa na umeme, si mwingi, wa kumshtua mtu tu, kwa hiyo kando yake ulining'inizwa mwiko wa mbao wa kulifungulia. Pasi nayo haikupata moto mpaka waya wake ukandamizwe kwa ndoo ya mchele. Feni ilikuwa haianzi kuzunguka bila kusukumwa kwa kijiti, na ikishaanza hiyo, hakuna wa kuisimamisha. Ungedhani humo anaishi mtu asiyejua hata kubadilisha balbu. Wapi! Mume wa nyumba ile alikuwa fundi wa vyombo vya umeme, tena fundi hodari, mwenye kibanda kilichojaa redio na majiko ya watu. Vya watu vilipona, vya kwake vikasubiri. Mtaa mzima ulimwita Fundi Bado, maana ukimuuliza kama kitu chako kimekuwa tayari, jibu lake lilikuwa moja tu: "Bado kidogo."

Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alikuwa ameshazoea. Mtu huzoea, hata mwiba wa kisiginoni huzoeleka ukijua pa kukanyagia. Lakini asubuhi hiyo alikuwa anarudi kazini kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, na mama yake mzazi alikuwa amewasili jana yake kuja kumlea mtoto, kijana wa miezi kumi aliyekuwa anatambaa kwa kasi ya panya. Ikabidi mama mtu afundishwe nyumba.

"Hapa usishike kwa mkono, Mama. Tumia huu mwiko."

"Na hili jiko?"

"Jiko ni zima, ila hiki kitufe usikiguse."

Mama alisimama katikati ya jikoni, mikono kaiweka kiunoni. "Mwanangu, hii ni nyumba au kwa mganga? Masharti yote haya, mtu akikosea si anaota mkia?"

Wakacheka, wote wawili. Mtoto naye akacheka kwa kuwa wengine wanacheka, akaiparamia sketi ya mama yake na kuanza kulia alipoona mkoba umeshachukuliwa begani. Saa ilikuwa imekwenda. Lilikuwa limebaki sharti moja la kusema, la mwisho, na alikusudia kulisema pale mlangoni.

"Nenda, nenda," Mama alisema, akimng'oa mtoto kwenye sketi. "Usimtazame, ndiyo atazidi. Mimi na mume wangu huyu tutaota jua kidogo, halafu saa nne nimwogeshe, alale. Si ndiyo, mume wangu?"

Mume wa miezi kumi alipiga ukelele. Mama yake akatoka mbio huku machozi yakimlenga, akaupiga mlango nyonga, na lile sharti la mwisho akaondoka nalo kifuani.

Karakana ya kushonea ilikuwa na cherehani sita na msimamizi mmoja, mwanamke mwembamba aliyeitwa Bi Sentimita kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila futi ya kupimia shingoni. Siku hiyo walikuwa wanashona kola. Kola mia mbili na arobaini, nyeupe, za shule moja. Kazi ya kola ni nzuri kwa mtu mwenye mawazo. Mikono inakwenda yenyewe, na mshonaji wetu mikono yake ilikwenda vizuri sana mpaka Bi Sentimita alipofoka kutoka kwenye meza ya nyuma.

"Nani kaacha pasi inawaka? Nauliza, nani? Mnataka kutuchoma humu?"

Mguu wa mshonaji uliganda juu ya kanyagio.

Hakuwa ameacha pasi. Pasi haikumhusu. Alichokiona mbele ya macho yake, juu ya ile kola nyeupe, ni taa ndogo nyekundu ya hita ya bafuni kwake. Aliiwasha alfajiri ili aoge maji ya moto, mtoto akaamka analia, akajimwagia maji baridi ya ndoo haraka haraka na kutoka. Ile taa hakuizima. Na sharti la mwisho, lile aliloondoka nalo, lilikuwa hili: washa hita, maji yapate moto, zima, ndipo ufungue bomba. Usilishike bomba hita ikiwa inawaka, hata kwa kidole. Yeye alilishika siku moja, mwezi uliopita, akiwa na ndala za mpira miguuni, na mkono ulikufa ganzi mpaka begani. Mama yake alikuwa hapendi kuvaa viatu ndani ya nyumba ya mtu.

Akatazama saa ya ukutani. Saa nne kasoro dakika kumi na mbili.

Alipiga simu. Iliita, ikaita, ikakata. Alijua iko wapi: ndani ya pochi, ndani ya begi lenye zipu, chini ya kitanda, maana mama yake aliificha simu kana kwamba wezi wanalala naye chumba kimoja. Akapiga tena. Iliita, ikaita. Jirani pekee ambaye namba yake alikuwa nayo alifanya kazi upande wa pili wa mji. Akampigia mumewe.

"Bado kidogo," aliitika mume, bila hata kutazama nani kapiga.

"Fundi, ni mimi. Nimeacha hita inawaka. Mama anamwogesha mtoto saa nne."

Alisubiri jibu alilolizoea. Kila alipolalamikia bomba lile, mumewe alimjibu, "Ah, si linatekenya tu," na leo angetoa chochote alichonacho ili alisikie neno hilo. Hakulisikia. Alisikia bisibisi ikidondoka mezani.

"Ulimwambia azime?"

"Sikumwambia."

Kiti kikasikika kikisukumwa nyuma.

"Kimbia," alisema mume. "Na mimi natoka sasa hivi. Usisimame njiani, kimbia!"

Katika miaka minne ya ndoa hakuwahi kuisikia sauti ile. Mtu anayecheka na umeme kila siku, leo anaogopa. Hapo ndipo na yeye hofu ilipomwingia sawasawa.

Akatoka na futi shingoni na pini kifuani, Bi Sentimita akimwita nyuma. Kwa mwendo wa kawaida, kutoka karakana hadi nyumbani ni nusu saa. Alivua viatu kwenye kona ya kwanza akavishika mkononi. Alipita duka la vioo, akapita kwa muuza magodoro, akakata katikati ya foleni ya watu wenye madumu, mmoja akamtukana, hakumjibu. Na alivyokuwa anakimbia, jambo moja lilikuwa linakimbia pamoja naye, sambamba, likikataa kuachwa nyuma.

Ni yeye aliyesema kitolewe.

Kwenye bodi ya umeme, koridoni, kando ya mlango wa bafu, kulikuwa na swichi mbili: ile kubwa ya nyumba nzima, na ndogo ya usalama, inayokata umeme yenyewe pakiwa na hitilafu. Mwaka juzi hiyo ndogo ilianza kukatakata. Ukiwasha hita, tak, giza. Yeye alikuwa na mimba changa, kila kitu kinamtia kichefuchefu, na mara tatu katika wiki moja maji yalimgeukia baridi akiwa amejaa povu. Mara ya tatu alitoka na taulo, povu limemjaa masikioni, akamwambia mumewe, "Fundi mzima wewe unashindwa na kiswichi kama kile? Kitoe, la sivyo nahamia kwa mama." Mume alifungua bodi, akaunga kipande cha waya ili umeme ukiruke kile kiswichi, akafunga. Dakika kumi, huku anapiga mluzi. Swichi haikukata tena. Na yeye alimsifu, akamwandalia chai.

Mguu ulimuuma, akaendelea. Alimwona mama yake akiwa amelala sakafuni. Akamwona mtoto akimtambalia. Alijaribu kuwaza kitu kingine na hakukipata. "Ee Mungu, wachelewe," alisema kwa sauti, na mtu mmoja mlangoni mwa duka akageuka kumtazama. "Wachelewe tu leo. Alie, agome kuoga, ajinyee, chochote."

Alipofika kwake ilikuwa saa nne na dakika tatu.

Aliuinua mlango, akaupiga nyonga. Haukufunguka. Viatu bado alikuwa navyo mkononi, hata kuinua sawasawa hakuweza. Akaupiga tena, akaupiga kwa bega, na katikati ya vishindo hivyo akasikia maji. Yalikuwa yanamiminika ndani, kwa nguvu, bila kikomo, kama bomba lisilo na mtu. Hapakuwa na sauti nyingine. Si ya mtoto, si ya mama.

"Mama!"

Mara ya nne mlango ulikubali.

Friji lilikuwa kimya. Feni ilikuwa imesimama. Maji yalikuwa yameshatoka bafuni na kuingia koridoni, yakamlowanisha nyayo, naye akasimama hapo hapo, macho kayatoa, akiogopa kupiga hatua na akiogopa kutopiga. Akachungulia. Beseni limepinduka. Taulo la mtoto liko majini. Kwenye kona, kipande cha sabuni kinaelea. Watu hawapo.

"Tuko huku," ilisema sauti chumbani. "Usiliguse hilo bomba."

Mama alikuwa kitandani, katikati kabisa, miguu kaikunja kama mtu anayekimbia nyoka. Mtoto alikuwa mapajani mwake, uchi, mkavu, ananyonya mpini wa ule mwiko wa friji. Mkono wa kulia wa Mama ulikuwa umelazwa juu ya mto, vidole vimekunjamana na havikunjuki, na katikati ya kiganja kulikuwa na alama mbili nyeupe.

Mshonaji alipiga magoti. Alimshika mtoto, akamshika mama yake, akamrudia mtoto, akamgusa kichwa, mgongo, miguu, vidole vyote, na ndipo kilio kilipomtoka, kilio cha mtoto mdogo, hajali nani anasikia.

"Alikuwa anataka kulishika yeye," Mama alisema polepole. "Si unajua anavyopenda kuchezea bomba? Nikamwambia ngoja, mume wangu, bibi apime maji kwanza. Nikatanguliza mkono." Akakitazama kiganja chake. "Nilimkalisha mlangoni. Ningekuwa nimembeba…"

Akamvuta mtoto karibu kwa mkono wa kushoto.

Fundi Bado aliingia akihema, shati limemganda mwilini. Alipowaona watatu kitandani, alijishikiza kwenye fremu ya mlango. Mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, na siku zote alimwamkia akiwa ameinamisha kichwa. Leo hata shikamoo aliisahau.

"Twende hospitali, Mama," alisema. "Twende sasa hivi, wakuangalie moyo."

"Tutakwenda. Lakini kuna kitu nataka kukijua kwanza, mkwe wangu. Wewe ni fundi, utanieleza." Mama hakupandisha sauti. "Nilipopata fahamu zangu nimechukua mwiko, nimeshusha swichi kubwa pale koridoni, nyumba ikazima. Hiyo sawa. Sasa, kwangu kule, pasi ikiwa mbovu umeme unajikata wenyewe. Tunalalamika kila siku. Hapa mbona haukukata?"

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa na mtoto kifuani, futi bado inaning'inia shingoni, na alijua kwamba mumewe angelibeba jambo lile peke yake akiachwa alibebe.

"Mimi ndiye niliyemwambia akitoe," alisema. "Kilikuwa kinatusumbua."

Fundi alikwenda koridoni, wakamfuata hadi mlangoni mwa chumba, Mama akiwa ameegemea bega la binti yake. Alifungua bodi. Kile kipande cha waya kilikuwa pale pale, chekundu, urefu wa kidole, kimeungwa vizuri sana. Alikifungua, akakitia mfukoni. Kisha akapandisha swichi kubwa, na baada yake akapandisha ile ndogo ya usalama.

Tak.

Ilianguka yenyewe. Hita ilikuwa bado imewashwa, na swichi ilikuwa imeiona hitilafu, papo hapo, kabla mtu hajapepesa jicho. Fundi akaipandisha tena, kama haamini.

Tak.

Alipotaka kuipandisha mara ya tatu, mkewe alimshika mkono. "Iache."

Wakasimama hivyo, maji yakiwapita miguuni. Mama aliinyoosha shingo kuitazama ile swichi ndogo iliyolala chini.

"Ndiyo mlio wake huo?"

"Ndiyo, Mama," alisema Fundi, kwa sauti ya chini.

"Basi ndio niliokuwa nausubiri," Mama alisema. "Bomba liliponing'ang'ania sikuweza kupiga kelele, lakini akili ilikuwepo. Nikawa najiambia, vumilia, utajikata sasa hivi, si huwa unajikata. Nikasubiri, nikasubiri. Mpaka mguu ulipoteleza, nikaanguka, uzito wangu ukaning'oa."