Samaki wa Sebuleni

Samaki wa kumi na moja alikufa Jumanne, kati ya chai ya asubuhi na kufunguliwa kwa madirisha. Mshona mapazia alimkuta akielea ubavu juu kando ya mpira wa pampu, macho maangavu, mapezi hayana doa. Alichukua daftari akaandika tarehe.

Daftari lilikuwa na kila kitu. Maji aliyalaza kwenye ndoo siku mbili, dawa ya bombani ipungue nguvu. Joto alipima asubuhi na jioni. Chujio alilisuuza kwa maji ya tangi lenyewe. Chakula alikipunguza hadi chembe za kushika kwa vidole viwili. Karatasi za kupimia maji zilitoa rangi ileile iliyochorwa kwenye kopo kuwa ndiyo ya afya. Na bado walikufa, mmoja kila wiki, kila mmoja mnene kama aliyetoka harusini.

Mumewe, aliyekuwa msimamizi wa ghala kabla ya kustaafu, hakusema neno. Hilo halikuwa jipya. Tangu binti yao aondoke bila kuaga, miaka tisa iliyopita, nyumba ilibaki na maneno ya lazima tu: chumvi, ufunguo, mvua. Wifi yake akija kuwatembelea husema kimya kingi kina mshindo mkuu, hucheka peke yake, kisha huaga mapema.

Mshona mapazia alimwinua samaki kwa wavu. Alipomsogeza karibu ili amkague mashavu, samaki alifumbua mdomo, akasema kwa sauti ya mumewe, "Chai ya jana ilikuwa nzuri. Sikumwambia."

Kisha akaufumba. Mshona mapazia alimzika kwenye kopo la maua, akaenda kwa muuza samaki.

"Shikamoo, mama. Amekufa tena?"

"Marahaba. Amekufa. Na amesema."

Muuza samaki aliendelea kufunga mfuko wa maji kwa mpira. "Kabla au baada?"

"Baada."

"Basi si maji yako, mama. Kuna mtu anawaeleza mambo. Hawa wadogo tumbo lao halihimili. Neno moja zito, kwisha habari yake."

"Nifanyeje?"

"Mwambie huyo mtu aongee na watu."

Mshona mapazia alifikiri kidogo. "Nipe wengine watatu," alisema.

Alfajiri iliyofuata alilala macho wazi, akasikia kiti kikivutwa sebuleni, kisha mnong'ono mrefu usiokatika. Kwa miaka tisa hakuwa amemsikia mumewe akiongea mfululizo namna ile. Alitega sikio, lakini pampu ilikuwa ikinguruma. Akawaonea samaki wivu.

Wa kwanza alikufa Alhamisi. "Goti linaniuma nikipanda ngazi," alisema.

Wa pili alikufa Jumamosi. "Binti hakuondoka. Nilimfukuza mimi."

Wa tatu hakufika hata adhuhuri ya siku hiyohiyo. "Hupiga simu kila mwaka. Mimi humwambia kwamba mama yake hataki kumsikia."

Cherehani ilikaa siku nzima, sindano imezama kitambaani. Wakati wa chakula cha jioni mshona mapazia aliuliza, "Mtoto alipiga simu lini mara ya mwisho?"

Mumewe alitafuna hadi mwisho, akalitazama tangi. "Samaki wamekwisha," alisema.

"Baba, nakuuliza."

"Na maji yabadilishwe." Akanawa mikono, akaenda kulala.

Asubuhi alipokuwa bafuni, mkewe aliipekua simu yake. Ilikuwa imefutwa, safi kama sahani. Akavaa viatu.

"Nataka mkubwa," alimwambia muuza samaki. "Mwenye tumbo la kutosha namba ya simu nzima."

Muuza samaki alimwonyesha mmoja wa kijivu, mkubwa kama kiatu cha mtu mzima. "Huyu anahimili mengi. Ila hafi upesi, mama. Huishi hata miaka kumi na tano. Na ukimuua wewe, hatasema kitu."

"Na mdogo?"

"Mdogo atafia kwenye tarakimu ya tatu."

Mshona mapazia alikuwa na miaka sitini na minne. Alimchukua yule mkubwa, akambeba kifuani njia nzima.

Sasa kila alfajiri kiti huvutwa, na mnong'ono huendelea mpaka kupambazuke. Samaki amenenepa, magamba yanang'aa, hana dalili ya ugonjwa wowote. Mchana, mumewe akiwa amesinzia, mshona mapazia huacha pazia la watu kwenye mashine na kuweka sikio kiooni. Samaki husogea, humtazama kwa jicho moja, mdomo umefumbwa.

Yeye humnyunyizia chakula, kwa kuwa saa ya chakula imefika.