Lori Lililopakwa Rangi

Mimi ni fundi breki kwa miaka thelathini na moja, na sijawahi kuona breki iliyotengenezwa kwa rangi. Lakini asubuhi ile ya kuwakumbuka askari waliokufa, nilikuta wamelipandisha juu ya jukwaa la saruji, mbele ya lango la kambi, lori la maji lililomuua mwanangu. Walikuwa wameligonga bodi hadi likanyooka, wakalipaka kijani kibichi na kulizungushia maua. Ubavuni waliandika kwa herufi kubwa nyeupe: SHUJAA HAFI.

Anakufa. Mimi ndiye niliyemzika.

Tulimwita Spana, maana utotoni alikuwa hakubali kulala bila spana namba kumi mkononi. Alikulia chini ya magari kwenye gereji yangu, na alipoingia jeshini wakampa usukani wa lori la maji. Nikamwambia mama yake, afadhali maji kuliko bunduki. Nilijiona mjanja kweli.

Miezi minne baadaye akanipigia simu mchana, mimi nikiwa chini ya pikapu ya muuza magodoro.

"Baba, hili lori pedali inazama mpaka chini."

"Umewaambia?"

"Nimeandika mara tatu kwenye daftari la karakana. Wanasema spea zinakuja."

"Basi usiliendeshe!"

"Baba, hapa siyo gereji kwako. Huwezi kumwambia mkubwa aje kesho."

Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kumwambia akatae hata wakimfunga, nikampa ujanja wa gereji: apampu pedali mara tatu. Ya kwanza na ya pili zitazama, ya tatu itashika. Akacheka, akasema, "Asante, fundi mkuu."

Wiki mbili hazikupita, wakatuletea sanduku na barua iliyosema amekufa akilitetea taifa. Mwenzake aliyekuwa naye ndani ya lori, akaruka akapona, ndiye aliyetueleza ukweli siku ya mazishi: mteremko, kona, lita elfu nne za maji zikisukuma kutoka nyuma, na breki ambazo Spana aliziandikia mara tatu bure. Nikaliomba lile daftari la karakana mwaka mzima. Mara limepotea, mara mhusika yuko safarini, mara baba wa shujaa usijisumbue. Walinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka nikachoka kuteleza. Habari za ile simu sikumwambia mama yake. Sikuthubutu.

Basi asubuhi ile, mbele ya lori, kanali wa kambi akahutubia. Alisema Spana hakuyumba, hakurudi nyuma, hakusimama hata mbele ya kifo. Hakusimama! Angesimamaje? Nikapiga hatua mbele. Mke wangu akanishika shati.

"Baba Spana, tulia. Mwache amalize."

Alipomaliza wakatuita sote wawili tuweke shada kwenye tairi la mbele. Nikamwachia mke wangu shada, nikakanyaga ngazi ya lori na kufungua mlango. Ndani kulinuka rangi mbichi. Chini ya usukani hawakugusa kitu. Mpira wa pedali ulikuwa umelika upande wa kulia, kama unavyolika kwa mtu anayekanyaga kwa hofu. Nikaukandamiza kwa mkono. Ukazama mpaka sakafuni. Yaani hata baada ya kuua, hawakulitengeneza!

Kanali akaja mbio, tabasamu la kamera bado usoni. "Mzee wangu, shuka tafadhali. Watu wanatazama."

"Waache watazame. Panda wewe, afande. Keti alipokaa mwanangu."

Kwa kuwa wapiga picha walishasogea, akapanda. Akaketi, akaweka kiatu chake kinachong'aa juu ya pedali.

"Kanyaga."

Akakanyaga. Ikazama.

"Tena."

Ikazama.

"Tena, afande."

Ya tatu ikashika. Akashusha pumzi, akanigeukia kwa furaha kabisa. "Mbona inashika, mzee?"

Nikapaza sauti. "Ya tatu ndiyo inayoshika! Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo, kwa simu, kwa mdomo wangu huu, kwa sababu nyinyi mlishindwa kununua spea. Sasa niambie, kwenye mteremko ule, mwanangu alipata nafasi ya kukanyaga mara ngapi?"

Ndipo nikakumbuka kwamba mke wangu alikuwa amesimama chini ya ngazi, shada mkononi, na amesikia kila neno. Nikaogopa kumtazama. Nilipopata ujasiri wa kuteremsha macho, shada lilikuwa limelazwa kwenye tairi, na yeye hakuwepo.

Alikuwa anaelekea kwenye kipaza sauti, mkoba kwapani, hatua zile zile za kwenda sokoni. Askari mmoja akataka kumzuia, mke wangu akamwambia, "Nipishe, mwanangu," naye akampisha. Nikajishikilia kwenye mlango wa lori nikingoja anitaje.

"Mume wangu ni fundi," sauti yake ikatoka kwenye spika zote. "Lori hili angeletewa yeye, lisingetoka gereji. Wao waliandikiwa mara tatu kwamba halina breki. Walijua, na bado wakampa mwanangu funguo."