Injini Yangu Ilipojifungua

Usiku wa jana niliota niko gereji kwa fundi Sekiete, naye ananawa mikono hadi kwenye viwiko kwa sabuni ya kuogea.

"Injini tumeifungua," anasema.

"Si ndiyo kazi niliyokupa?"

"Sasa imejifungua."

Nainua boneti. Injini imejitanda kanga, imefungwa mkanda tumboni, inakunywa uji wa pilipili manga. Ubavuni pake tabo, kile kidude cha umbo la konokono kinachoisukumia hewa, imevishwa kofia ya sufu. Inalia kwa mluzi mwembamba.

Sikushangaa. Kilichonikera ni muda. Adhuhuri, huko Tanga, dada yangu Mwanakombo anaolewa, na kwa kuwa baba alishafariki, walii ni mimi. Nisipofika ataozeshwa na ami, mtu aliyetukimbia baba alipoanza kuugua. Mwanakombo alishasema, afadhali asiolewe kabisa.

"Twende mbio," naiambia injini.

"Kaka, mimi mzazi. Mzazi hakimbizwi mpaka arobaini."

"Siku arobaini?"

"Hapana. Mshale wa spidi. Ukifika arobaini, usipite hapo."

Basi tunakwenda arobaini. Inatupita baiskeli. Anatupita kuku na vifaranga vyake. Kilomita chache mbele unatupita mkorosho, na unatupungia tawi kwa adabu. Nina hasira mpaka machozi yananitoka, lakini mguu siongezi, maana huko mbele ya miguu yangu nasikia mtu ananyonya.

Ghafla barabara ni ukumbi wa nyumba yetu Tanga. Nimeendesha hadi kwenye mkeka. Mwanakombo amekaa na hina yake mbichi, na sheikh anauliza, "Walii yuko wapi?" Ami ananyoosha mkono.

Nashika ufunguo nizime gari niruke.

"Usizime!" injini inafoka. "Mtoto ametoka kunyonya. Ukizima papo hapo atapaliwa. Mweke begani kwanza acheue."

"Dada yangu anaozeshwa!"

"Na mimi nani?"

Namtazama Mwanakombo. Naona haya, naona uchungu, sijui nishike lipi.

"Mweke, kaka," ananiambia. "Usimharakishe."

Naiweka tabo begani. Ina joto. Naipigapiga mgongo taratibu huku ami akikohoa kusafisha koo, tayari kutamka jina la dada yangu.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, gari liko uani nilipoliacha jana baada ya kulitoa kwa fundi likiwa na tabo mpya. Nilikuwa nimelala na fulana nyeupe, safi, ya kwenda nayo harusini chini ya kanzu. Begani palikuwa na doa la oili, dogo kama mdomo wa mtoto, bado la vuguvugu.

Nilimpigia Mwanakombo.

"Uko wapi?" akaniuliza kwa kunong'ona. "Ami ameshavaa kanzu."

"Ndiyo naanza safari. Nakuja mdogo mdogo. Nitafika alasiri, labda magharibi."

Nikasikia sufuria zikigongana upande wake, na wanawake wakicheka.

"Haya," akasema. "Ngoja nikamwambie avue."